Walinzi wa Lugha Isiyo na Baraza: Historia ya Wakosoaji wa Kiingereza

Uingereza haijawahi kuwa na chombo cha dola chenye mamlaka ya kuamua lipi ni sahihi na lipi ni kosa katika lugha yake. Waitaliano walikuwa na Accademia della Crusca, iliyoanzishwa Florence mwaka 1583 na kutoa kamusi yake mwaka 1612. Wafaransa walipata Académie française mwaka 1635 chini ya Kadinali Richelieu. Na Tanzania, miaka michache tu baada ya uhuru, ilitunga sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Pengo lililoachwa na Waingereza lilijazwa na watu binafsi, wengi wao makasisi, walimu, wanasheria na waandishi wa magazeti, ambao bila kutumwa na yeyote walijitwika kazi ya kuwasahihisha wenzao, wakatunga vitabu vizima vya makosa, wakagombana hadharani kwa sababu ya neno moja, na wakaacha kanuni ambazo mamilioni ya wanafunzi, wakiwamo wa Afrika Mashariki, walizikariri kana kwamba zilizaliwa siku moja na lugha yenyewe.

Wanaisimu hutofautisha sarufi fafanuzi, inayoeleza jinsi watu wanavyosema na kuandika, na sarufi elekezi, inayowaambia jinsi wanavyopaswa kusema na kuandika. Zote mbili zina kazi yake, kwa kuwa watu wanaoandikiana hawawezi kuelewana bila mapatano ya aina fulani, na mtoto anayejifunza lugha ya kigeni hana budi kuelekezwa. Tatizo la sarufi elekezi ya Kiingereza liko katika asili yake. Kanuni zinazotetewa kwa ukali kuliko zote zikifuatiliwa nyuma, hudhihirika kwamba nyingi hazina umri mkubwa, kwamba zinaweza kurudishwa kwa mtu fulani na mwaka fulani, na kwamba kabla ya mwaka huo waandishi bora wa lugha hiyo waliandika kinyume chake bila mtu kuudhika.

Kabla ya mitambo ya kuchapia, kila jimbo la Uingereza lilisema na kuandika kwa lahaja yake, na aliyeuona ugumu wa hali hiyo kwa macho ya mfanyabiashara ni William Caxton, mtu wa kwanza kufungua kiwanda cha uchapaji nchini humo, huko Westminster, mwaka 1476. Katika dibaji ya kitabu alichokichapa mwaka 1490 alisimulia habari za wachuuzi waliokwama pwani wakisubiri upepo wa kuwavusha ng'ambo: mmoja wao aliingia katika nyumba moja kuomba mayai, akayaita "egges" kwa lahaja ya kaskazini, na mama mwenye nyumba akamjibu kwamba hajui Kifaransa, jibu lililomkasirisha kwa sababu hata yeye Kifaransa hakukijua; ilibidi mwingine atamke "eyren", neno la kusini, ndipo mama yule akaelewa. Caxton aliuliza mchapaji aandike lipi kati ya hayo mawili, na jibu lilikuja polepole kwa njia ya biashara, kwani Kiingereza cha London kilisambaa pamoja na vitabu vilivyochapwa London. Kiswahili nacho kilipata lahaja yake ya msingi, lakini kwa njia nyingine, maana Kiunguja kiliteuliwa na mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, ilhali Kiingereza cha London hakikuteuliwa na kikao chochote.

Kilichofuata kwa muda mrefu kilikuwa uhuru mkubwa. Shakespeare alirundika kanushi mbili katika sentensi moja alipotaka mkazo, akatumia viwakilishi kwa namna ambazo leo zingepigiwa mstari mwekundu, na hakuna anayejulikana kumlaumu kwa hayo enzi za uhai wake. Mabadiliko yalianza katika nusu ya pili ya karne ya 17, waandishi walipoanza kukipima Kiingereza kwa mizani ya Kilatini, lugha ya elimu ambayo haikubadilika tena kwa sababu haikuwa tena lugha ya mama ya mtu yeyote. John Dryden, mshairi na mtunzi wa tamthilia, aliandika mwaka 1672 insha iliyokosoa lugha ya waandishi wa kizazi kilichomtangulia, na miongoni mwa makosa aliyomshutumu nayo Ben Jonson, aliyekuwa amefariki miaka 35 kabla, ni kumaliza sentensi kwa kihusishi, yaani yale maneno madogo kama "from", "with" na "to" ambayo huonyesha uhusiano kati ya nomino na maneno mengine. Katika Kilatini kihusishi hutangulia nomino yake na hakiwezi kubaki peke yake mwishoni. Katika Kiingereza, kama ilivyo katika lugha nyingine za ukoo wa Kijerumani, kubaki mwishoni ni tabia yake ya tangu kale. Dryden aliiamini rai yake kwa dhati kiasi kwamba alipoichapa upya mwaka 1684 insha yake ya zamani kuhusu tamthilia, alipitia sentensi zake mwenyewe na kuviondoa vihusishi hivyo. Aliwahi pia kukiri kwamba aliposhindwa kuamua kama sentensi yake ni Kiingereza safi, aliitafsiri kwa Kilatini ili aipime. Ungamo hilo linaeleza mengi kuhusu karne mbili zilizofuata.

Jonathan Swift alitaka jambo hilo lifanywe rasmi. Mwaka 1712 alichapisha pendekezo, kwa mtindo wa barua kwa Robert Harley, mweka hazina mkuu wa serikali, akiomba kiundwe chombo cha wasomi kitakachokisahihisha Kiingereza na kukifunga kisibadilike tena. Aliyachukia maneno yaliyokatwa, likiwamo "mob", kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana ya umati usiotulia, ambalo leo ni neno la kawaida kabisa. Malkia Anne alifariki mwaka 1714, chama cha Harley kikaanguka, na pendekezo likafa pamoja nacho. Samuel Johnson alipoanza kuandaa kamusi yake kubwa alikuwa na matumaini ya namna hiyohiyo, lakini alipoichapa mwaka 1755 alikiri katika dibaji, kwa maneno yenye uzito wa mtu aliyeifanya kazi mwenyewe kwa miaka mingi, kwamba hakuna mtunzi wa kamusi anayeweza kuizuia lugha isibadilike. Ingekuwa heri kama waliokuja baada yake wangeisoma dibaji hiyo kwa makini.

Hawakuisoma hivyo, kwa sababu soko lilihitaji kitu kingine. Biashara ya ng'ambo, ukiwamo utumwa na mashamba ya miwa, pamoja na viwanda vipya, iliwatajirisha watu wa tabaka la kati ambao baba zao walikuwa mafundi na wachuuzi. Watu hao waliweza kununua nyumba, mavazi na farasi, lakini usemi wao uliwasaliti kila walipofungua kinywa mbele ya wenye vyeo, na walikuwa tayari kulipia kitabu ambacho kingewaondolea aibu hiyo. Ndiyo maana nusu ya pili ya karne ya 18 ilishuhudia mfululizo wa vitabu vya sarufi usiokuwa na mfano hapo kabla. Joseph Priestley, mwanasayansi anayekumbukwa kwa uchunguzi wake wa oksijeni, alitoa chake mwaka 1761 akisisitiza kwamba mwamuzi wa lugha ni desturi ya wasemaji wenyewe. Mwaka mmoja baadaye kilitoka kitabu kidogo kisichokuwa na jina la mwandishi, na hicho ndicho kilichoshinda.

Mwandishi huyo alikuwa Robert Lowth, kasisi na mtaalamu wa ushairi wa Kiebrania, aliyekuja kuwa askofu wa Oxford na hatimaye wa London. Jambo jipya katika kitabu chake ni tanbihi zake, ambamo alikusanya makosa kutoka kwa Shakespeare, Milton, Pope, Swift na hata tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, akawaonyesha wasomaji kwamba hata vigogo hao hawakuijua sarufi ya lugha yao. Njia hiyo ina kasoro ya msingi ambayo haijatajwa vya kutosha: kama waandishi wote bora wa lugha wanakiuka kanuni, mwenye akili angeshuku kanuni kwanza kabla ya kuwashuku waandishi. Lowth alikemea "you was", muundo uliokuwa wa kawaida katika mazungumzo ya watu wenye heshima wa zama zake, na kitabu chake ndicho kilichoieneza hoja, iliyokwisha kuonekana katika sarufi ya James Greenwood ya mwaka 1711, kwamba kanushi mbili hufutana na kuwa yakinishi.

Kwa msemaji wa Kiswahili hoja hiyo inaingia akilini haraka, kwa kuwa "hakuna asiyejua" ina maana kwamba kila mtu anajua. Hata hivyo lugha haziendi kwa hesabu moja. Kihispania na Kirusi hurundika kanushi kama kawaida ya sarufi yake, Kiingereza cha Chaucer kilifanya hivyo, na lahaja nyingi za Kiingereza hufanya hivyo mpaka leo bila msikilizaji wake kudhani kwamba mtu anayesema "I didn't see nobody" alimwona mtu. Kanuni hiyo ilifanikiwa kwa sababu Kiingereza cha maandishi cha London kilikuwa tayari kimeanza kuuacha muundo huo, nao ukabaki vinywani mwa wakulima, mabaharia na vibarua, kwa hiyo kuukemea muundo kulikuwa kuwakemea watu wenyewe. Haki inadai isemwe pia kwamba Lowth hakuwa mkali kama wanafunzi wake. Kuhusu kihusishi cha mwishoni alisema tu kwamba muundo huo unafaa zaidi katika mazungumzo kuliko katika maandishi ya heshima, na sentensi aliyotumia kuueleza nayo iliishia kwa kihusishi. Tena uchunguzi wa barua zake za faragha umeonyesha kwamba baadhi ya miundo aliyoikemea aliitumia mwenyewe.

Safari ya rai ya mtu mmoja kugeuka sheria ya wote inaonekana wazi zaidi katika kisa cha "less" na "fewer". Kanuni inayofundishwa ni kwamba "fewer" hutumika kwa vitu vinavyohesabika na "less" kwa visivyohesabika, na walinzi wa lugha wa leo huikasirikia sana ikivunjwa. Kiingereza kilikuwa kimetumia "less" kwa vitu vinavyohesabika tangu karne ya 9, katika maandishi ya Mfalme Alfred. Mwaka 1770 Robert Baker, mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 15 na ambaye hakuficha kwamba hakujua Kigiriki na kwamba Kilatini chake kilikuwa kidogo, alichapisha kitabu cha makosa ya lugha, na humo akasema kwamba, kwa maoni yake, "fewer" lingependeza na kufaa zaidi mbele ya idadi. Alitumia maneno ya mtu anayetoa maoni. Waliomnakili baada yake waliyaondoa maneno hayo, wakaliacha pendekezo likiwa amri, na karne mbili na zaidi baadaye, mwaka 2008, kampuni ya maduka ya Tesco ilibadilisha mabango yake ya foleni za wateja wenye bidhaa chache, kwa kuwa "less" iliyoandikwa juu yake ilikuwa imewakera watu.

Mnakili mkubwa kuliko wote alikuwa Lindley Murray, mwanasheria Mmarekani wa madhehebu ya Quaker aliyehamia Uingereza mwaka 1784 na kuishi karibu na mji wa York. Mwaka 1795 alikusanya mafundisho ya Lowth na wengine katika kitabu cha sarufi kwa ajili ya shule ya wasichana ya mji huo, akayapanga vizuri, akayapa mazoezi na akapenyeza maadili ya dini ndani ya mifano. Kitabu hicho kilichapwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki kwa zaidi ya nusu karne, na kuanzia hapo mtoto wa shule alijifunza kwamba kosa la sarufi ni jirani wa dhambi. Athari ya fikra hiyo ni nzito kuliko ya kanuni yoyote moja, kwa sababu iliwapa walinzi wa lugha hisia ya kuwa wanapigania wema wanapomdhalilisha mtu aliyekosea.

Jinsi udhalilishaji huo ulivyotumika kisiasa inaonekana katika historia ya haki ya kupiga kura. Mwezi Mei 1793 watu wa Sheffield, mji wa mafundi wa visu na vyuma, walipeleka bungeni hati ya maombi wakitaka uchaguzi urekebishwe, na Bunge likakataa kuipokea kwa madai kwamba lugha yake haikuwa ya heshima. Maombi mengine ya wafanyakazi yalirudishwa kwa sababu za namna hiyohiyo katika miaka iliyofuata, hususan mwaka 1817. Asiyejua kuandika kama muungwana alihesabiwa kuwa hawezi kufikiri, na asiyeweza kufikiri hakustahili kusikilizwa. Hivyo sarufi ilikuwa mlango, na funguo zake zilikuwa mikononi mwa waliomo ndani.

William Cobbett aliuelewa mlango huo kuliko mtu yeyote wa zama zake. Alizaliwa Farnham katika familia ya mkulima mdogo, akajiunga na jeshi, na akiwa askari wa kawaida katika kambi ya Chatham aliinakili sarufi ya Lowth kwa mkono zaidi ya mara moja, akaikariri yote, na akawa akiirudia kimoyomoyo alipokuwa zamu ya ulinzi. Baadaye akawa mwandishi wa magazeti aliyeogopwa na mawaziri. Mwaka 1817, serikali iliposimamisha ulinzi wa raia dhidi ya kufungwa bila kushtakiwa, alikimbilia Marekani, na huko Long Island akaandika sarufi kwa mtindo wa barua kwa mwanawe James, aliyekuwa kijana wa miaka 14. Ilichapwa New York mwaka 1818 na London mwaka 1819, na jalada lake lilitaja wazi kwamba ilikusudiwa vijana wa shule na, hasa, askari, mabaharia, wanagenzi na vijana wa kulimia plau. Katika toleo la mwaka 1823 aliongeza masomo sita ya kuwazuia viongozi wa serikali kuandika vibaya, akichambua makosa ya sarufi katika hotuba za kifalme na nyaraka za watu wakubwa wa taifa. Cobbett hakuzipinga kanuni za Lowth. Alizichukua kama silaha na kuwagawia wale waliokuwa wakipigwa nazo. Katika historia yote ya sarufi elekezi hakuna kazi yenye ushujaa kuliko hiyo, na inastahili kusomwa na kila mtu anayeamini kwamba kufundisha lugha sanifu ni lazima kuwe kuwatii wenye nguvu.

Karne ya 19 iliendelea kuongeza makatazo, na lililopata umaarufu kuliko yote linahusu kitenzi-jina, ambacho katika Kiingereza huundwa kwa neno "to" na kitenzi chenyewe, kama "to sing". Katika Kilatini kitenzi-jina ni neno moja, "cantare", lisiloweza kupasuliwa, na Kiswahili kina hali hiyo pia, kwani hakuna anayeweza kupenyeza kielezi kati ya "ku-" na "-imba". Kiingereza, kwa kuwa maneno yake ni mawili, huruhusu kielezi kukaa katikati, na waandishi wamekikalisha hapo tangu zama za kati. Malalamiko ya awali yaliyochapishwa yalitokea katika jarida moja la Marekani mwaka 1834, na aliyeyapa uzito ni Henry Alford, mkuu wa Kanisa Kuu la Canterbury, katika kitabu chake cha mwaka 1864 kuhusu Kiingereza cha Malkia. Alford hakuwa mtu wa makatazo matupu, kwa kuwa aliutetea usemi wa "it is me", uliokuwa ukipigwa vita kwa hoja za Kilatini. Mwaka huohuo, hata hivyo, George Washington Moon alimjibu kwa kitabu kizima kilichohesabu makosa ya Alford mwenyewe, sentensi kwa sentensi, na kitabu hicho kilichapwa mara nyingi. Kuanzia hapo ulizuka utamaduni wa mkosoaji kumkosoa mkosoaji mwenzake, ambao haujakoma.

Ugomvi wa aina hiyo ulivuka bahari. Huko Marekani, Richard Grant White aliandika mwaka 1870 kwamba muundo wa "is being built" ni upotovu wa kuchukiza na kwamba nyumba inayojengwa isemwe "is building". Fitzedward Hall, mtaalamu wa Kisanskriti aliyewahi kuishi India kwa miaka mingi, alimjibu kwa ushahidi wa maandishi, na wakosoaji walipolishambulia neno "reliable" aliandika kitabu kizima mwaka 1877 kulitetea lenyewe na ndugu zake wenye kiishio hichohicho. Leo hakuna mwanafunzi anayejua kwamba "is being built" iliwahi kuwa kosa. Vitabu vya wakosoaji vimejaa makaburi ya namna hiyo: maneno na miundo iliyotabiriwa kuiua lugha, ambayo baadaye iliingia katika hotuba, sheria na sala bila madhara yoyote.

Ushahidi wa Hall ulikuwa sehemu ya elimu mpya. Chama cha wanafilolojia cha London kilikuwa kimeanza mwaka 1857 kuandaa kamusi ambayo ingefuatilia kila neno tangu lilipoonekana mara ya kwanza, kazi iliyohaririwa na James Murray tangu 1879 na kukamilika mwaka 1928, na kamusi hiyo ya Oxford iliweka mezani tarehe na nukuu mahali palipokuwa na hisia tu. Henry Fowler aliutumia utajiri huo katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliyoiweka wakfu kwa kumbukumbu ya ndugu yake Frank, aliyeandika naye kitabu cha awali mwaka 1906 na aliyefariki mwaka 1918. Fowler alikuwa mlinzi wa lugha hasa, lakini aliviita vitisho vya kihusishi cha mwishoni na kitenzi-jina kilichopasuliwa kuwa ushirikina, na alitaka mwandishi apime kila sentensi kwa uwazi wake. Naye alipatwa na yaliyompata Baker: alipopendekeza "that" na "which" zigawane kazi, alikiri kwamba waandishi wengi hawafanyi hivyo, lakini wahariri wa Marekani wakaligeuza pendekezo lake kuwa sheria.

Kazi ya kukosoa lugha ilifikia heshima yake ya juu mikononi mwa Ernest Gowers, mtumishi wa serikali aliyeombwa na wizara ya hazina kuwaandikia makarani mwongozo, uliotoka mwaka 1948. Gowers hakujishughulisha sana na vihusishi. Alichokikemea ni barua ya ofisi inayomwandikia mjane kuhusu pensheni yake kwa maneno ambayo mjane huyo hawezi kuyafahamu, na ukosoaji wa namna hiyo unamtetea msomaji dhaifu dhidi ya mwandishi mwenye mamlaka, kinyume kabisa cha Bunge la mwaka 1793.

Kanuni zilizofika Afrika Mashariki hazikuwa za Gowers. Zilikuja kupitia mitihani ya Cambridge, iliyoamua nani aendelee na masomo na nani abaki, na kupitia vitabu vya kiada vilivyotungwa kwa ajili ya makoloni, mojawapo ya vilivyodumu zaidi kikiwa orodha ya makosa ya kawaida ya Kiingereza iliyotungwa na T. J. Fitikides, mwalimu wa Cyprus, mwaka 1936. Mwanafunzi wa Tabora au Kampala hakuwa na njia ya kujua ni kosa lipi linaloharibu maana na lipi lilikuwa kero ya Mwingereza mmoja aliyekufa zamani. Yote yalikatwa alama kwa kalamu ileile. Swali la nani mwenye haki ya kuamua liliulizwa mapema katika eneo hilihili, katika jarida la Transition lililoanzishwa Kampala mwaka 1961, ambamo Obi Wali alihoji mwaka 1963 kama fasihi ya Kiafrika inaweza kuishi ndani ya lugha za wakoloni, na Chinua Achebe akajibu mwaka 1965 kwamba mwandishi wa Kiafrika anaweza kukifinyanga Kiingereza kibebe maisha yake. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuuvuka ugomvi wa Alford na Moon.

Mwaka huohuo wa 1961 Marekani ilishuhudia dhoruba kubwa kuliko zote. Kampuni ya Merriam ilitoa toleo la tatu la kamusi yake kubwa, chini ya uhariri wa Philip Gove, iliyofuata njia ya sarufi fafanuzi na kueleza matumizi ya "ain't" bila kuyalaani vya kutosha. Gazeti la New York Times liliishutumu katika tahariri, Wilson Follett akaiita hujuma katika jarida la Atlantic mwaka 1962, na kampuni nyingine ikaamua kutoa kamusi ya kushindana nayo. Kamusi hiyo ya American Heritage, ya mwaka 1969, iliunda jopo la watu mashuhuri wapatao mia moja wa kupigia kura matumizi ya maneno, jambo lililokaribia kabisa ndoto ya Swift. Jopo hilo liliendelea kubadili kura zake kadiri lugha ilivyobadilika.

Kisa cha "they" kinaonyesha gharama ya kanuni hizi kwa watu halisi. Kiingereza kimekuwa kikitumia neno hilo kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia tangu karne ya 14, na Jane Austen alilitumia hivyo katika riwaya zake. Sarufi za karne ya 18, ikiwamo ile ya Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle, zilielekeza kwamba kiwakilishi cha kiume kiwajumuishe wote, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likaandika katika sheria kwamba maneno ya kiume yatahesabiwa kuwahusu wanawake pia. Wanawake walipodai kura kwa kutegemea sheria hiyo, mahakama iliwaambia mwaka 1868 kwamba katika jambo hilo haiwahusu. Mswahili, ambaye "yeye" yake haimuulizi mtu jinsia, anaweza kushangaa kwamba neno dogo kiasi hicho lilibeba mzigo huo, lakini lilibeba, na mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani uliikubali "they" ya mtu mmoja mwaka 2019 tu.

Waandishi wa vitabu vya kiada vya Kiingereza wa Tanzania, Kenya na Uganda wana nafasi ya kufanya jambo ambalo Lindley Murray hakulifanya, nalo ni kutenganisha katika kurasa zao kanuni zinazolinda maana na zile zilizotokana na upendeleo wa mtu, na kando ya kila moja ya hizi za pili waandike jina la aliyeitunga na mwaka wake, ili mwanafunzi anayeisoma kwa ajili ya mtihani ajue anachokisoma.